Sindano za kuuzoesha mwili sumu ya nyuki: mwongozo kwa mrina asali wa Tabora mwenye aleji

Kwa mrina asali wa Sikonge, Kaliua au Urambo, kuumwa na nyuki ni sehemu ya kazi. Unakuna, unapaka mate, unaendelea. Lakini wapo wachache ambao mwili hugeuka: nyuki mmoja tu, na ndani ya dakika kumi viganja vinawasha, mdomo unavimba, kifua kinabana, macho yanaingia giza. Mtu huyo huambiwa aachane na mizinga maisha yake yote. Kuacha kwa muda ni lazima, kuacha moja kwa moja si lazima, kwa sababu aleji hii ina tiba: sindano za sumu yenyewe ya nyuki, zinazoanza na chembe ndogo mno na kupandishwa polepole mpaka mwili uache kuipigia kelele.

Tiba ya namna hii si ngeni. Mwaka 1911 jijini London, Leonard Noon na John Freeman waliwachoma wagonjwa wenye aleji ya chavua dawa iliyotengenezwa kwa chavua ya nyasi. Upande wa nyuki, kwa miaka mingi watu walichomwa maji ya mdudu mzima aliyesagwa, mpaka utafiti wa Marekani uliochapishwa 1978 ulipoonyesha kuwa maji hayo hayakuwa na faida kuliko dawa bandia isiyo na kitu ndani, na kwamba kinachokinga ni sumu safi. Kwa hiyo ukiona mtu anauza dawa ya nyuki waliopondwa, hiyo njia ilishajaribiwa ikashindwa.

Sindano hizi hazina faida ikiwa utazianza na kuziacha katikati, na zina hatari ikiwa zitatolewa mahali pasipo na adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali. Ndiyo maana mpangilio wa hatua hapa chini una sababu yake. Usiruke.

Hatua ya 1: Hakikisha ni aleji, na ni ya nyuki

Uvimbe wa kawaida ni mdogo, unauma na kuwasha, na unaisha ndani ya siku moja au mbili. Uvimbe mkubwa wa mahali pamoja unazidi sentimita 10, unaweza kufanya mkono mzima uwe kama mgomba, na hukua kwa siku moja au mbili kabla ya kupungua. Unatisha, lakini kwa kawaida hauhitaji sindano hizi.

Aleji ya mwili mzima ndiyo tunayoizungumzia. Dalili zake hutokea mbali na pale ulipoumwa: mabaka yanayovimba na kuwasha mwili mzima, macho na midomo kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, tumbo kusokota, kizunguzungu au kuzimia. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache hadi nusu saa.

Kuna na jambo la tatu ambalo watu hulichanganya na aleji. Mtu akivamiwa na kundi akaumwa na nyuki mamia, anaweza kutapika, kukojoa mkojo mweusi na figo zikaharibika. Hiyo ni sumu kuzidi, inayoweza kumpata mtu yeyote. Anahitaji hospitali haraka, lakini si mgonjwa wa aleji kwa sababu hiyo pekee.

Kisha mjue mdudu. Nyuki huacha mwiba, nyigu kwa kawaida haachi. Ukitazama mwiba wa nyuki kwa karibu, juu yake kuna kifuko kidogo cheupe, kama punje ya mchele iliyolowa, na kifuko hicho huendelea kujibana chenyewe hata nyuki akishaondoka. Sehemu kubwa ya sumu huingia ndani ya nusu dakika ya kwanza. Usipoteze muda kutafuta kisu cha kukwangulia. Utoe kwa kucha, kwa vidole, kwa chochote, ilimradi utoke sasa hivi.

Siku hiyohiyo, au ukipata nafuu, andika kwenye daftari: saa uliyoumwa, umeumwa na wangapi, dakika ngapi zilipita kabla ya dalili ya kwanza, ilianza ipi, ulipewa dawa gani. Mabaka yapige picha kwa simu. Ukifika kwa daktari yatakuwa yameshapotea, na maelezo haya ndiyo yatakayoamua kama unapimwa au unarudishwa nyumbani.

Hatua ya 2: Panga habari ya adrenalini kabla ya kitu kingine chochote

Usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani, na kile kilicho karibu na msitu unakorinia. Mweleze mhudumu kwamba una aleji kali ya nyuki na umwombe muonane kabla ya hatari, siyo siku ya hatari. Muulize kama ana adrenalini, ampuli ya miligramu 1 katika mililita 1, na kama haijapita muda. Ampuli ikigeuka rangi ya waridi au kahawia haifai tena. Muulize na namna ya kumpata usiku, kwa maana wengi hurina usiku.

Dozi inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Mtu mzima na mtoto aliyezidi miaka 12 hupewa mililita 0.5, mtoto wa miaka 6 hadi 12 mililita 0.3, na aliye chini ya miaka 6 mililita 0.15. Isipoleta nafuu, inarudiwa baada ya dakika 5. Haichomwi kwenye mshipa nje ya mikono ya wataalamu wa dharura.

Makosa mawili huua watu ambao wangepona. La kwanza ni kuanza na piritoni na haidrokotisoni, kisha kusubiri. Piritoni inatuliza muwasho, haifungui koo wala haipandishi presha iliyoanguka. Adrenalini kwanza, nyingine baadaye.

La pili ni bodaboda. Mgonjwa anabanwa katikati ya dereva na ndugu, ameketi wima, kichwa kinaning'inia, na safari ni ya kilomita ishirini za mchanga. Katika hali hii damu imeshuka miguuni na moyo unapiga patupu. Mtu aliyekuwa akiongea anaweza kufa kwa kusimamishwa tu. Mlaze chali, miguu juu ya gunia au ndoo. Ikiwa shida kubwa ni kupumua, mwache aketi huku miguu imenyooshwa mbele. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Kama kuna pikipiki moja tu, itumeni ikamlete mhudumu na adrenalini kwa mgonjwa, kisha mtafute gari la kumbeba akiwa amelala.

Mkishamtuliza, bado anatakiwa kukaa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani dalili zinaweza kurudi baada ya kupoa.

Hatua ya 3: Vipimo, na wakati wake

Usipime wiki ileile uliyoumwa. Baada ya shambulio, kingamwili za aleji zinaweza kuwa zimetumika zote na kipimo kikaonyesha huna kitu. Subiri wiki 4 hadi 6.

Kipimo cha ngozi hufanywa kwenye mkono, upande wa ndani. Mtaalamu anaweka matone, kila moja na alama yake ya kalamu: la sumu ya nyuki, la sumu ya nyigu, la maji ya chumvi na la histamini, kemikali inayovimbisha ngozi ya kila mtu. Anachoma kidogo juu ya kila tone, kama kuchomwa na mwiba wa mchongoma, bila kutoa damu. Baada ya dakika 15 hadi 20 anapima vinundu kwa rula. Tone la histamini lazima livimbe na la maji ya chumvi lisivimbe, la sivyo kipimo chote ni bure. Kinundu cha sumu kikizidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, kimejibu. Kisipojibu, sumu yenye nguvu ndogo inaweza kuchomwa ndani ya ngozi yenyewe, ikipandishwa kwa ngazi.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni dawa. Dawa za aleji kama setirizini na loratadini ziachwe siku 5 hadi 7 kabla, piritoni siku 3 hivi. Angalia pia dawa za mafua za mchanganyiko, nyingi zina piritoni ndani yake. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu, nayo inazuia ngozi kujibu, ila hiyo usiiache bila aliyekuandikia kujua. Kama dawa haziwezi kuachwa, kipimo cha damu cha IgE (kingamwili ya aleji) ya sumu ya nyuki hakisumbuliwi nazo. Walioanguka vibaya hupimwa pia triptase, kimeng'enya cha seli za aleji, katika damu, kwa sababu ikiwa juu hata siku ya afya, hatari yao ni kubwa zaidi.

Tahadhari moja kwa wafugaji nyuki: mtu anayeumwa kila mara anaweza kuwa na kipimo chanya na asiwe na ugonjwa wowote. Kipimo bila historia ya shambulio hakimpeleki mtu kwenye sindano.

Hatua ya 4: Je, sindano zinakufaa?

Mwenye pumu isiyodhibitiwa haanzi. Anatibiwa pumu kwanza hadi kifua kitulie, maana ndiye anayepata madhara makubwa zaidi ya sindano. Mjamzito haanzi pia, ingawa aliyekwishafika dozi ya kudumu (dozi kamili inayorudiwa kwa miaka) kabla ya mimba kwa kawaida huendelea.

Taja dawa zote za presha na moyo. Propranololi na atenololi zinaweza kuifanya adrenalini ishindwe kufanya kazi vizuri siku ya hatari. Enalaprili na kaptoprili nazo zinahitaji kujadiliwa. Daktari atapima: abadili dawa au aendelee kwa uangalifu. Kuziacha mwenyewe kimyakimya ili uonekane unafaa ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine.

Na ujue sindano za aleji zinatibu nini kwa ujumla: sumu ya nyuki na nyigu, chavua, utitiri wa vumbi, aleji ya paka. Hazitolewi kutibu aleji ya dagaa, karanga au dawa.

Hatua ya 5: Tafuta hospitali kwa simu kabla ya nauli

Anzia kituo chako, upate barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Hapo omba daktari wa magonjwa ya ndani, au wa watoto kama mgonjwa ni mtoto, aulizie kwa niaba yako hospitali za ngazi ya juu kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi au Muhimbili. Daktari akimpigia daktari mwenzake, jibu huja haraka kuliko mgonjwa akibisha hodi mapokezi.

Kabla ya kupanda basi au treni, pata majibu ya maswali haya: Je, mna sumu safi ya nyuki kwa ajili ya sindano, au lazima iagizwe? Ikiagizwa, ni nani anahakikisha vichupa vya miaka mitatu vitapatikana? Mnatumia ratiba ya wiki au ya siku chache? Bei ya kichupa ni ngapi, na kinatosha dozi ngapi? Bima yangu inalipa sehemu gani? Sindano za kudumu naweza kuchomwa Tabora? Jibu la swali la pili likiwa la kubabaisha, usianze bado. Kuanza bila uhakika wa vichupa ni kupoteza fedha na kubaki na aleji yako.

Hatua ya 6: Chagua ratiba

Lengo ni kufikia mikrogramu 100 za sumu kwa sindano moja. Nyuki mmoja huacha takriban mikrogramu 50 hadi 140, kwa hiyo dozi hiyo ni kama kuumwa na nyuki mmoja au wawili. Mfugaji nyuki anayeumwa mara kwa mara anaweza kupandishwa hadi 200.

Ratiba ya wiki huwa na vichupa vya nguvu tatu: mikrogramu 1, 10 na 100 katika kila mililita. Unaanza na mililita 0.05 ya kilicho dhaifu, wiki ijayo 0.1, kisha 0.2, kisha 0.4, halafu unahamia kichupa kinachofuata na kurudia ngazi. Kwenye kichupa cha tatu hatua huwa fupi zaidi mpaka kufika mililita 1 kamili. Jumla ni miezi 3 hadi 6 ya kuhudhuria kila wiki.

Kwa mtu wa Usoke anayetibiwa Mwanza, hiyo ni ratiba ya kwenye karatasi tu. Ipo ya haraka: unalazwa siku 2 hadi 5, unachomwa mara kadhaa kwa siku chini ya uangalizi, na unatoka ukiwa karibu na dozi kamili au umeifikia. Ina madhara zaidi, ndiyo maana ni ya wodini. Kwa anayeishi mbali tunaiona kuwa bora, kwa sababu kinachowaangusha wengi ni safari ya saba au ya nane wanayoshindwa kuifunga.

Hatua ya 7: Siku ya sindano

Usiende kama una homa, kifua kinabana au umeumwa na nyuki siku hizo. Piga simu, dozi isogezwe. Kula kwanza. Setirizini miligramu 10 saa moja au mbili kabla hupunguza uvimbe, ikiwa daktari amekubali.

Mhudumu akishika kichupa, soma naye: jina lako, nguvu ya kichupa, mililita za leo, tarehe ya kuisha. Kwa sauti. Ajali kubwa za tiba hii hutokana zaidi na kuchukua kichupa cha nguvu isiyo yake au cha mtu mwingine kuliko na sumu yenyewe. Mililita 0.4 ya kichupa cha tatu ni mara kumi ya mililita 0.4 ya kichupa cha pili, na kwa macho yote ni maji meupe.

Sindano ni nyembamba, na bomba ni la mililita 1. Inachomwa chini ya ngozi, nyuma ya mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, kwa kuinua ngozi kidogo. Ikienda kwenye msuli sumu inaingia mwilini haraka kuliko ilivyokusudiwa. Isisuguliwe baadaye, kwa sababu hiyohiyo. Mkono ubadilishwe kila mara.

Kisha kaa dakika 30, ndani, mbele ya macho ya mtu. Si kwenye kibanda cha chai nje ya geti. Madhara mengi mabaya hujitokeza katika muda huo. Viganja vikiwasha, ukipiga chafya mfululizo, koo likikaba, au ukajisikia ghafla kwamba jambo baya linakuja, sema papo hapo. Watu hukaa kimya kwa kuona haya, na dakika tano zinapotea.

Siku hiyo usipige baiskeli kurudi nyumbani, usilime, usioge maji ya moto kwa saa 3 hivi. Damu ikikimbia, sumu inakimbia nayo. Uvimbe wa mkono wa ukubwa wa yai ni wa kawaida: weka kitambaa cha maji baridi. Ukizidi hapo au ukidumu kupita siku moja, uandike kwenye daftari ili dozi ijayo ifikiriwe.

Hatua ya 8: Kama sindano za kudumu zitatolewa Tabora

Sumu iliyokwishachanganywa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, hata kama inaonekana safi. Isafirishwe kwenye kibebeo cha chanjo chenye pakiti za maji ya baridi, si barafu ngumu inayogusa kichupa, na ihifadhiwe kwenye friji ya chanjo au ya famasia ya hospitali yenye kipimajoto. Friji ya soda ya dukani, inayozimwa usiku, haifai. Hospitali iliyokuanzisha iandike karatasi ya ratiba yenye nguvu, dozi na hatua za kuchukua ukichelewa, na nakala ibaki kwako. Wala usijichome nyumbani, hata kama una ndugu muuguzi.

Hatua ya 9: Dozi ya kudumu na kurudi mzingani

Mwaka wa kwanza ni kila wiki 4, baadaye daktari anaweza kuachanisha hadi wiki 6 au 8. Muda ni miaka 3 hadi 5, na anayeendelea na nyuki mara nyingi hushauriwa aendelee na sindano pia. Ukikosa tarehe, usidai dozi mbili kufidia. Daktari atarudisha dozi chini kulingana na ulivyochelewa, halafu mtapanda tena.

Kinga haifiki mia kwa mia. Kwa nyuki, watu wapatao 8 kati ya 10 waliofika dozi kamili hawapati tena shambulio la mwili mzima wakiumwa. Kwa nyigu ni zaidi ya 9 kati ya 10. Kwa hiyo adrenalini inaendelea kuwa karibu hata baada ya kufuzu.

Wapo wanaosema ujiumishe na nyuki mmoja mmoja nyumbani, ni yaleyale. Si yaleyale. Sindano ya kwanza kwenye ngazi tuliyoonyesha ina mikrogramu 0.05, na nyuki mmoja ana mara elfu moja ya hapo au zaidi, tena hakuna anayeweza kumwambia aache nusu.

Usirudi msituni kabla ya kufika mikrogramu 100 na daktari kukuruhusu. Ukirudi, usiwe peke yako, na mwenzako ajue namna ya kukulaza na nani wa kupigiwa, na mahali mtandao unaposhika pafahamike kabla ya kuwasha moshi. Suruali iingie ndani ya buti, mikono ya vazi ifungwe kwa mpira. Vazi lifuliwe na mtu asiye na aleji, maana miiba iliyonasa kitambaani bado inachoma. Na wanaoishi nyumba moja na mfugaji, wanaoumwa kwa nadra, nao wamo hatarini kupata aleji. Wakati unasubiri tiba, mizinga ya nyuki wadogo wasiouma inaweza kukuweka kwenye kazi ya asali. Iweke tu mbali na ya nyuki wakubwa, ili usiwapitie ukienda kukagua.